Ramu ya Giga Nne

Swaleh aliondoa ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya nyota, akaziweka skrubu kwenye kisahani cha chai zisipotee, akainama na kupuliza vumbi kwa mdomo. Vumbi la Isungabula ni jekundu na halina adabu. Lilimrudia lote usoni. Lusia, karani wa ofisi, akampa kitambaa cha kufutia meza.

"Mashine hii ina umri gani, Mama Generosa?"

"Niliikuta hapa."

"Ina ramu ya giga moja. Giga moja, halafu mnaiambia ifungue mtandao wa maombi ya leseni. Ni kama kumtuma bibi yangu akimbize basi la Kahama."

Lusia hakucheka, na Swaleh hakumlaumu. Alikuwa ametoka Shinyanga na basi la alfajiri, na njiani, kwenye kibanda cha chai, alishaambiwa asifanye mzaha mwingi na karani wa mgodi ule.

Ofisi ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha mawili, juu ya kilima, upande wa Geita. Mwenye mgodi, Donatus, alitaka maombi yake yaende kabla ya Ijumaa. Maombi yalisema kwamba duara namba saba, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka wakati wa masika, kwamba halikuwa na mtu ndani, kwamba limefukiwa vizuri, na kwamba mwenye leseni anaomba kufungua duara jipya juu ya lile la zamani. Kila Lusia alipofika ukurasa wa mwisho, kompyuta iliganda. Hakuihimiza. Mumewe, Deusdedit, alikuwa ndani ya duara la saba pamoja na wenzake watatu.

Jambo hilo kilimani halikuwa siri. Ila machimboni hakuna atumiaye jina la ubatizo. Deusdedit aliwahi kufundisha darasa la pili kwa muda, basi wote walimwita Ticha, na jina lililosomwa asubuhi wakati wa kushuka lilikuwa hilo. Udongo ulipotulia, Donatus alisema kwamba hajawahi kuwa na mchimbaji aitwaye Deusdedit. Ticha alimjua. Ticha na wenzake, alisema, walitokea kwenye njia ya duara la tano na kufuata rashi ya dhahabu Chunya, kama vijana wafanyavyo. Kisha akaagiza katapila lifukie. Kesho yake alikuja ofisini na kumpa Lusia pole ya kuachwa na mume.

Lusia aliendelea na kazi. Aliona kwamba atakayeondoka kilimani ndiye atakayekuwa amekubali maneno yale.

Swaleh alifungua begi lake. Alikuwa na ramu moja ya giga nne, mpya, ambayo Donatus aliitaka mwenyewe kwenye simu: "Niwekee kubwa, fundi, mimi vitu vidogo sivipendi." Alikuwa pia na mbili za giga mbili, kuukuu, zilizotoka kwenye mashine iliyokufa huko Maganzo, amezifunga kwenye karatasi ya sigara.

"Bodi za zamani zina uchaguzi," alisema. "Meno yanaweza kuwa yaleyale, mfereji uleule, na bado ikakataa. Lakini bosi ni bosi."

Akaisugua ile ya giga nne menoni kwa ufutio wa shule, akaisukuma kwenye mfereji kwa vidole gumba viwili mpaka vibanio vyote vikalia ta. Akawasha. Kioo kilibaki cheusi. Kompyuta ikalia mara tatu, ikapumzika, ikalia tena mara tatu.

"Imekataa," Swaleh alisema.

Nje, Bujiku alikuwa amekaa kwenye kivuli cha karasha, ile mashine ya kusaga mawe, anakunywa uji. Bujiku ndiye mtu wa winchi. Aliweka kikombe chini, akasimama, akaingia ofisini bila kubisha.

"Nani kapiga tatu?"

"Kompyuta, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kapiga tatu nani?"

Duara la saba lilikuwa refu kuliko yote, na kwa urefu wake liliwekewa kengele, yenye waya uliofika hadi chini kabisa. Kengele moja maana yake simama. Mbili, pandisha mawe. Tatu, pandisha mtu. Tatu zikilia, mtu wa winchi huacha hata tonge mdomoni. Siku ya maporomoko kengele ililia tatu, Bujiku akavuta, na kamba ikaja nyepesi. Tangu hapo hakuna duara lililomkabidhi winchi tena. Aliambiwa akae kivulini na alinde karasha.

"Ramu haikubaliani na bodi," Swaleh alieleza. "Ikikosa kukubali, ndivyo inavyolia. Hata Mwadui, hata Kolandoto, zote hulia hivyo."

"Sikatai," Bujiku alisema. "Na mtu anataka kupanda." Akatoka kwenda kuchukua kamba.

Swaleh akazima, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ni kuponya. Akaitoa ile ya giga nne, akaweka mbili za giga mbili, akawasha. Kompyuta ikalia mara moja, kwa ufupi, na kioo kikawaka. Kila alichokigusa kilifunguka. Akaingia kwenye mtandao wa maombi, ukafunguka, akafika ukurasa wa mwisho bila kuganda hata kidogo.

"Unaona? Sasa imekuwa kijana."

Bujiku alirudi na mzingo wa kamba begani. Akasikiliza. Akaweka kiganja kwenye bati la kompyuta kama mtu anayempima mtoto homa.

"Umemkata," alisema.

Lusia alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Sasa alisogea mezani.

"Fundi, rudisha ile iliyokataa."

"Mama, hii ndiyo inayokubali."

"Nimesikia. Rudisha ile."

Simu ya Swaleh iliita. Alikuwa Donatus, yuko barabarani. "Vipi fundi, imekula?" Swaleh alimtazama Lusia, akamtazama Bujiku na kamba yake. "Bado tunajaribu, bosi," akajibu, akakata. Kisha akazima, akazitoa zile zinazokubali, akairudisha ile ya giga nne.

Tatu. Kimya. Tatu.

Safari hii walitazama ndani. Chini ya bodi, pale ambapo kasha lina bati, hapakuwa na bati. Palikuwa na giza, na gizani mlitoka ubaridi wenye harufu ya baruti na miti mibichi ya matimba, zile nguzo za kuzuia duara lisiporomoke. Swaleh aliunyoosha mkono juu yake.

"Hii si hewa ya feni," alisema.

"Sogea, Mswahili, usinizibie," Bujiku alimwambia. "Wewe umezoea waya. Hii ni kamba."

Nafasi iliyokuwepo kati ya bodi na chuma cha diski ilitosha kopo la rangi. Bujiku alifunga kopo kwenye ncha ya kamba, akaiteremsha polepole, ikipita viganjani mwake, na mzingo ukapungua begani mpaka ikabaki mizunguko michache. Hapo kamba ikalegea. Ilikuwa imefika urefu uleule wa duara la saba, na Bujiku alitikisa kichwa kama mtu aliyekuta hesabu yake sawa. Akavuta mara moja, kusema nipo. Kamba ikavutwa kutoka chini. Mara tatu.

"Vuta basi," Lusia alisema.

"Polepole, mayu," Bujiku alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kopo halibebi mtu."

Lusia alifungua mkoba wake, akatoa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa aliyoibeba kwa ajili ya mchana, pamoja na karanga na chupa ya maji. Wakapandisha kopo, wakalijaza, wakalishusha. Lilipopanda tena lilikuwa tupu, limelambwa. Bujiku alilinusa ndani.

"Wamekula."

Halafu wakavuta kamba bila kopo. Ilikuwa nzito. Bujiku alikanyaga mguu wa meza, Swaleh akashika nyuma yake, wakavuta, na kutoka katika nafasi ile kati ya bodi na chuma ukatoka mkono wa mtu, umeshika kamba. Ulitoka hadi kiwiko, ukatoka hadi karibu na bega, kisha ukakwama. Ulikuwa mkono wa kulia, mwekundu kwa udongo, na ukucha wa kidole kidogo ulikuwa mweusi, uliopondwa na nyundo mwaka aliozaliwa Generosa. Lusia aliushika kwa mikono yake miwili. Ulikuwa na joto.

"Baba Generosa," alisema.

Mkono ukamshika.

Aliinamisha sikio kwenye bodi. Alisikia pumzi, nzito kama ya mtu aliyebeba mzigo, lakini maneno hayakupita. Swaleh alisema kwamba mashine ile haina kadi ya sauti.

"Basi panua," Lusia alisema. "Kata hicho chuma."

Swaleh alichukua koleo, akakipinda chuma cha diski hadi kikalala. Bega halikupita. Akaanza kulegeza skrubu za bodi ili aiinue. Alipolegeza ya pili, kompyuta ilikosa mlio mmoja, ikalia mara mbili tu, na Lusia akapiga kelele kwa sababu mkono ulikuwa umepoa ghafla kama bomba la maji asubuhi. Swaleh aliikaza upesi. Mlio ukarudi, na joto likarudi. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kisahani cha skrubu.

"Siwezi," alisema. "Bodi ikitoka, mlango unafungwa. Bodi ikikaa, mlango ni huu."

"Upo mlango mwingine," Lusia alisema, na wote walitazama dirishani, kwenye kichuguu cha udongo uliosawazishwa juu ya duara la saba, ambako magugu yalikuwa yameanza kuota.

Gari la Donatus lilipanda kilima. Aliingia akijipepea kwa kofia. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kuulizia watoto wa watu kwa majina. Aliwasalimu wote, akaona mkono uliotoka kwenye kompyuta, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, akaupa mkono nao.

"Aa, Ticha! Kumbe upo. Za masiku?"

Mkono ulishikwa, ukatikiswa, ukaachwa.

"Walikuwemo," Lusia alisema.

"Naona."

"Basi tufukue, bosi. Leo. Katapila liko Katoro."

Donatus alivuta kiti, akakaa. Hakukasirika. Alifikiri kwa makini, kama afikirivyo bei.

"Mama Generosa, nikifukua nitasema nafukua nini? Nilishasema hakuna mtu. Wakitoka pale wanne, leseni inakwenda, mgodi unafungwa, na vijana wangapi wanalala njaa? Na hawa wenyewe, mshike mkono huo. Una joto. Wanakula?"

"Wamekula michembe," Bujiku alisema.

"Wamekula. Wako salama. Sasa haraka ni ya nini?"

Bujiku alitazama chini. Donatus akainama kuelekea kwenye giza la kompyuta, akapaza sauti kidogo, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili.

"Ticha! Ule mwamba mlioufuata, bado upo?"

Vidole vikamwachia Lusia, mkono ukarudi chini. Walingoja. Nje karasha lilikuwa limezimwa na hata kuku wa mama lishe walisikika. Mkono ulipopanda tena ulikuwa na jiwe, lenye ukubwa wa yai la kanga, na ulimwelekea Lusia. Lusia alielewa kwamba jiwe lilikuwa nauli. Mchimbaji akitaka kupandishwa kabla ya zamu, hupandisha jiwe zuri kwanza ili mwenye duara asinune. Deusdedit alikuwa analipia kupanda.

Donatus ndiye aliyelipokea. Alilitemea mate, akalisugua kwenye suruali, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Mstari wa njano ulikatiza jiwe zima.

"Fundi," alisema, bila kugeuka, "ramu inayokubali iko wapi?"

"Hizi hapa, bosi. Ni mbili."

"Nipe." Akazitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Hiyo iliyokataa usiiguse."

Lusia hakukaa kusubiri. Alikwenda kumleta mwenyekiti wa kitongoji, Edson, mzee aliyemjua Deusdedit tangu anachunga ng'ombe. Mzee Edson alikuja na fimbo yake. Aliutazama mkono, nao ukainama kidogo kwenye kifundo, kama mtoto anayeamkia. "Marahaba," mzee alisema, na akauliza kama una kitambulisho. Hapakuwa na kitambulisho. Aliuliza mgodi unamtambua kwa jina gani, akajibiwa Ticha. Akafikiri sana. Alisema kwamba yeye binafsi angeweza kuapa kwamba ni Deusdedit, lakini mtu haandikwi kwa mkono mmoja, na Ticha ameshaandikwa kuwa amehamia Chunya. Alimpa Lusia pole. Donatus alimrudisha kwa gari.

Siku iliyofuata Lusia alibeba jembe, akaenda kwenye kichuguu na kuanza kulima juu ya duara la saba. Alifukua shimo lililomfika magotini. Walinzi wawili walimjia, vijana wa Maganzo, wakamwomba radhi, wakamnyang'anya jembe. "Tusamehe, mama. Tumetumwa." Udongo wakaurudisha kwa miguu. Mmoja alimrudishia jembe lake ofisini, amelisafisha.

Ofisini kazi ilikuwa imeshika kasi. Swaleh hakuondoka. Donatus alimpa kazi ya kuhakikisha umeme haukatiki, na Swaleh akaileta betri ya gari akaiunganisha, akisema kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya walio chini. Hiyo ilikuwa kweli. Bujiku alirudishiwa cheo chake cha mtu wa winchi. Kompyuta ililia mara tatu, na Bujiku aliteremsha kopo la mawe.

"Wanasema tatu, unawapelekea mbili," Lusia alimwambia.

"Najua, mayu."

"Umepandisha watu miaka mingapi?"

"Usiniulize hivyo." Alikuwa analia, na kopo lilikuwa linapanda vizuri, bila kugonga bodi. "Kopo ndilo linalopita. Nikiacha, wataletewa na nani chakula?"

Mawe yalikuwa mazuri kuliko yoyote yaliyowahi kutoka duara la saba. Kila baada ya mizigo kadhaa mkono wenyewe ulipanda, ukapapasa meza, na Lusia akaushika, mpaka Donatus alipokohoa. Wakati mwingine ulikuwa mkono wa mtu mwingine, mwembamba, au wenye kovu, na huo nao aliushika, kwa kuwa wake za wengine hawakuwepo.

Alhamisi Donatus alirudi kutoka Geita na kompyuta mpya ya kukunja, ndani ya boksi lake. Aliiweka kwenye meza ileile, kando ya ile kuukuu.

"Maombi yaende leo," alisema. "Hii haigandi."

Lusia aliisukuma mbali. "Siandiki."

Donatus alifungua kifungo cha mfuko wa shati. Alizitoa zile ramu mbili, akaziweka kwenye kiganja, akazitazama kama mtu anayetazama vidonge alivyoandikiwa.

"Mimi sikulazimishi, Mama Generosa. Lakini elewa. Leseni ikikwama, hapa watakuja watu kukagua. Siwezi kukaguliwa na mashine inayolia. Itabidi niiponye. Fundi, kuiponya ni muda gani?"

Swaleh aliinamia betri ya gari, akakaza nyaya zake.

"Fundi."

"Ni mara moja tu, bosi."

"Mara moja tu. Maombi yakipita, mashine hii inabaki hapa kama ilivyo. Utampikia kila siku. Utamshika mkono. Wanawake wangapi machimboni wana bahati hiyo?"

Mkono wa Deusdedit ulikuwa mezani. Ulikuwa umepanda bila kuitwa, na vidole vilikuwa vinatembea juu ya mbao, vikipita kwenye kisahani, vikipita kwenye kikombe, vikitafuta. Lusia aliupa mkono wake wa kushoto. Ukaukamata.

Akaivuta ile kompyuta mpya. Kurasa zilifunguka upesi, moja baada ya nyingine. Aliandika namba ya leseni. Aliandika namba ya duara. Palipoulizwa watu waliokuwemo, aliandika kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulikuwa umeshikwa: hakuna. Alisoma alichokiandika kwa sauti ili aliye chini ajue kinachofanyika juu.

"Baba Generosa, nimewaandika kuwa hamumo."

Mkono haukumwachia.

Akatuma. Mtandao haukuganda. Palepale likatokea neno la kijani kwamba maombi yamepokelewa, na Donatus akasema ahsante, akauliza Generosa anaendeleaje shuleni, akazirudisha ramu mfukoni na kufunga kifungo. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Haya, Bujiku. Zamu."

Bujiku alisogea na kopo. Lusia akafungua vidole vyake. Vya Deusdedit havikufunguka, ikabidi Bujiku avibandue kimoja kimoja, kwa upole, akianzia kile chenye ukucha mweusi, ndipo kopo likapata pa kupita.